Umeme wa Treni ya Keki

Benchi letu lipo nyuma ya yadi ya malori hapa Tunduma, ubao mmoja juu ya rimu mbili, mahali ambapo hata foleni ya kwenda Nakonde, upande wa Zambia, ikichoka inakuja kukaa. Roda anapika kahawa ya Mbozi, ileile wanayoilima wazazi wetu, wanaiuza yote, halafu wakipata mgeni wanamkorogea ya kopo. This is development, msiniulize. Mimi wananiita Digrii. Nina shahada ya fizikia na bahasha ya kaki ya vyeti iliyolainika kwa jasho la kwapa. Ijumaa moja ya mwaka 2011, mwaka wa mgao wa umeme, mzee Mbonile alikuja amebeba leso kama mwenye kifaranga mgonjwa. Tunamwita Stesheni, kwa sababu alifanya kazi reli mpaka wakampunguza. Akaifungua leso. Ndani vimota viwili vya koili, kila kimoja kama kidole gumba. Kimoja kilikuwa kimeungua, cheusi tii.

— Kimekufa jana, akasema. Kimebaki hiki. Na sendofu ya binti yangu Anyosisye ni kesho.

Habari ya treni ile tuliijua wote. Mzee aliipata kwenye belo la mitumba, treni ya kuchezea yenye reli zake, akaapa kwamba binti yake anayeolewa Ikinga, kule Ileje kusikofika reli, ataagwa kwa treni. Treni itabeba keki. Reli inafika mahali inagawanyika: kulia meza ya wakwe, kushoto meza yetu wa nyumbani. Kimota ndicho kinachosogeza reli ili treni ishike njia. Safari ya kwanza lazima iende kwa wakwe. Siku ya mahari jirani yetu alipewa soda kabla ya mjomba wa wakwe, wakwe wakabeba kofia zao wakatoka, ikabidi wafuatwe hadi stendi kuombwa radhi. Keki ikikosea meza, harusi nayo inakosea njia.

— Kiliunguaje? nikauliza.

— Nilikifunga kwenye swichi ya ukutani. Nikawasha, umeme hakuna. Nikaenda kikao cha sendofu.

— Ukaiacha on?

— Si wote tunaacha on? Utajuaje umeme umerudi?

Hakuna aliyemcheka. Mji mzima tunaishi hivyo: taa on, redio on, ili umeme ukirudi nyumba ipige kelele yenyewe. Umeme ulirudi wanakamati wakiwa bado wanabishania rangi ya vitambaa, kimota kikavuta na kuvuta mpaka kikajipika.

— Mzee, kimota hiki kinataka kofi, hakitaki kukumbatiwa, nikasema. Umeme mwingi, mara moja, basi. Chukua transfoma ya redio kaseti mbovu, volti kumi na sita. Weka dayodi na kapasita kubwa ya kutunza umeme, ijae taratibu. Halafu tumia kitufe cha kengele ya mlangoni. Ukikiachia, kinakata chenyewe. Simple physics!

Bugalama, mfuga ng'ombe wa Kamsamba tunayemwita Mnada, akanitazama kama anavyotazama ndama aliyekonda.

— Digrii, ungekuwa unaujua umeme hivyo, kwako kungekuwa giza?

— Kwangu giza ni la serikali.

— Mzee wangu, usimsikilize. Betri ya lori! Volti ishirini na nne. Ukitaka jembe lilime hufungi mbuzi. Wahenga wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu ndiyo lori.

— Awe, awe! akakataa Ipyana kwa lugha ya ng'ambo, mchenji hela, jina lake la benchi Kwacha. Iwe, Mnada, lori litaingia ukumbini na nani? Tumia chaja ya simu. Ndogo, ya kisasa, haina moshi.

— Chaja ya simu haiwezi kumtikisa hata inzi, nikasema. For your information, koili hii inakula ampea kama nyie mnavyokula pilau ya watu.

— Basi tuchenji! Volti ni hela tu, bwana. Mimi nachukua kubwa nakupa ndogo, nachukua ndogo nakupa kubwa.

— Kwacha, hiyo ndiyo transfoma. Umesema kitu cha maana kwa mara ya kwanza tangu soda zianze kuuzwa kwenye plastiki.

Akavimba kichwa papo hapo, na hapo ndipo akaharibu.

— Sasa tukavute waya kutoka Nakonde! Umeme wa ng'ambo hauna mgao. Penye miti hapana wajenzi, na penye nguzo hapana umeme.

— Utavuta waya juu ya mpaka mbele ya maofisa?

— Nitawaambia ni wa kuanikia nguo.

Benchi likacheka mpaka rimu moja ikalia. Bugalama hakukubali kushindwa na mchenji hela. Akashusha kikombe.

— Rukwa kuna samaki, ukimshika anakupiga shoti unaona jana yako. Tunamweka kwenye ndoo chini ya meza. Keki ikikaribia, unamchokoza kwa fimbo.

— Na asipochokozeka?

— Samaki gani asiyejua kukasirika? Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Mzee Mbonile alikuwa anacheka huku amekifunika kimota kwa viganja viwili, maana machozi ya kicheko yalikuwa yanadondoka karibu nacho.

Ndipo akasimama mbele yetu mama mmoja mwenye begi na vumbi la safari. Mzee akavua kofia upesi hivi kwamba nusura aangushe leso.

— Mama Nesta! Karibu sana. Jamani, huyu ndiye shangazi wa bwana harusi, katoka Ikinga.

— Shikamoo shangazi, tukasema kwa pamoja, hata Bugalama.

— Marahaba. Nimefika mapema, nikasikia vicheko. Hicho ndicho cha ile treni ya keki tuliyoisikia?

Mzee akamweleza yote: meza ya wakwe, meza ya nyumbani, kofi, lori, hadi ndoo ya samaki. Mama Nesta akasikiliza kwa makini, akakunja kitenge, akauliza bila ukali wowote:

— Na wakati treni inatuletea keki, Anyosisye mwenyewe atakuwa anafanya nini?

Ipyana akanitazama mimi. Mimi nikaitazama bahasha yangu ya kaki. Wote tulijua kwamba keki ya wakwe hupelekwa na binti, kwa mikono yake, na sote tulikuwa tumemsahau.

— Sijamuuliza, akasema mzee Mbonile polepole. Miezi miwili naunga nyaya, naye ananishikia tochi. Sijamuuliza.

Akaviringisha leso, akaondoka mbio kwenda kumuuliza, akipita katikati ya malori, akaiacha kahawa yake ikifuka moshi.

— Huyo naye! akasema Mama Nesta, akikaa palepale alipotoka mzee. Binti aibebe kwa mikono, aiendeshe kwa treni, mimi vigelegele nimeshavifunga kwenye begi. Soda ile mbona tulishaisahau? Mwiteni basi, atajiua kwa mbio!

Tukasimama wote juu ya ubao tukipunga na kuita. Bugalama akapiga mluzi wa kurudisha ng'ombe. Malori yakadhani tunayashangilia, yakajibu kwa honi foleni nzima, na mzee wala hakugeuka.