Siku ya Kushuka kwa Bibi wa Dirishani

Mheshimiwa mgeni rasmi, nawe Mzee wetu Msanifu, uliyechora kila ukuta tunaouona hapa, ndugu wajumbe wa kamati ya wakazi, ndugu wageni waalikwa mliotoka mjini, mafundi wetu, majirani zangu wa mtaa wa chini na wa mtaa wa juu, ndugu watalii mliokuwa mnapita, mkakuta shughuli, mkaamua kukaa, na wewe mama yangu mzazi, uliyeko huko juu mlangoni kwako na unayenisikia kwa kipaza sauti hiki: nawasalimu nyote kwa heshima. Wenzangu wa kamati walinishauri niseme itifaki imezingatiwa, nifupishe. Nimekataa, kwa sababu kila niliyemtaja ana nafasi yake katika maneno ya leo, na wako ambao nafasi hiyo hawataifurahia.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mwoka mikate. Tanuri langu liko hapa chini karibu na gati, na nyumba ninayoishi na mama yangu iko kule juu kabisa. Katikati ya tanuri na nyumba kuna ngazi hizi mnazoziona. Nilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati, nadhani, kwa sababu nina sauti ya kuitia wateja. Leo nitaitumia kwa jambo moja tu: mama yangu ashuke ngazi hizi kwa miguu yake mwenyewe.

Mzee Msanifu, naomba nianze na sifa zako, na nakuomba uzipokee zote, maana mbele ya safari utazihitaji.

Wengi wetu tulizaliwa kule kwenye vibanda vya mabati, penye tope, ambako maji yakijaa tulikuwa tunapandisha watoto juu ya meza. Mlima huu wa mawe ulitakiwa na wenye uwezo, na kila mtu alijua kwamba wangeupata. Ni nani basi aliyesimama mbele ya wakubwa, akiwa bado kijana wa juzi tu, akasema kwamba wanaofua, wanaooka na wanaoshona nao wana macho, na wana haki ya kuiona bahari wakiamka? Ni nani aliyezipanga nyumba hizi moja nyuma ya nyingine, kila moja imeinuka kidogo kuliko ya mbele yake, hata leo hakuna jirani anayemzibia jirani upepo? Ni nani aliyezikunja ngazi zetu kwa akili, jua likiwaka upande huu, mpandaji akapata kivuli upande ule? Ni wewe. Wageni wanatoka mbali kuja kutazama kuta zako nyeupe na madirisha yako ya buluu, wanatembea midomo wazi, na wakiondoka wanatuuliza kama tunajua bahati tuliyo nayo. Tunaijua, Mzee. Hakuna hapa anayekudharau.

Lakini kijiji hiki kilichorwa wakati sisi sote tulikuwa na magoti. Wewe ulikuwa kijana, sisi tulikuwa vijana, na mama yangu, ambaye watu wote wanamwita Mama Cherehani, alikuwa akipanda ngazi hizi na cherehani kichwani huku anamgombeza mtu. Nani kati yetu alifikiria siku ambayo magoti yangegoma? Ngazi zilijengwa wazi, ukuta upande mmoja, hewa upande wa pili, bila hata mahali pa kuweka kidole. Zilikuwa nzuri, na bado ni nzuri.

Siku moja ya mvua mama aliteleza, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali, majirani walimkalisha kwenye kiti wakampandisha mpaka juu, wanatokwa jasho, wanaitana, mmoja anasema inua kushoto, mwingine anasema taratibu kwenye kona. Walipomfikisha aliwashukuru mmoja mmoja, akawanywesha chai, kisha akasema, "Wanangu, Mungu awabariki. Ila mkinibeba tena kama kabati, nitawafungia mlango."

Tulidhani ni utani. Wanaomjua mama yangu watawaambia kwamba kwenye jambo la heshima yake hana utani. Tangu siku hiyo hajakanyaga hapa chini. Hajaingia dukani, hajakaa na wenzake, hajagusa maji ya bahari ambayo aliahidiwa kuwa ni yake pia.

Halafu mama yangu mdogo, mdogo wake wa mwisho, akafariki katika nyumba ile pale ya pembeni. Nilipanda mbio nikamwambia, "Mama, tukubebe leo tu. Ni mdogo wako." Akasema, "Yule nilimlea mgongoni kwangu. Siendi kumzika nikiwa juu ya migongo ya watu." Basi akamsindikiza kwa macho, kutoka dirishani, mpaka msafara ukapotea kwenye kona. Niliumia siku ile, bado naumia, na sioni haya kulisema hapa mbele ya mgeni rasmi.

Dirisha hilo, ndugu zangu, ndilo lile mnalolifahamu nyote. Mgeni mmoja alipita, akaona mbao za buluu, ukuta mweupe, na bibi mwenye sura ya upole ameegemeza mikono yake, akapiga picha. Picha ikaenda kwenye kalenda, ikaenda kwenye mabango ya stendi za mabasi, ikaenda mpaka kwenye makopo ya biskuti. Chini yake wameandika kwamba huku kwetu muda umesimama. Ni kweli. Kwa mama yangu ulikuwa umesimama, na waliokuwa wanaisifu picha hawakujua wanasifu nini.

Shemeji yangu ndiye anayeongoza wageni. Shemeji, usijifiche nyuma ya nguzo, tumekuona. Alikuwa na kawaida ya kuwasimamisha chini ya dirisha na kusema, "Na hapa, ndugu wageni, ndipo alipo bibi wetu maarufu." Siku moja bwana mmoja akapaza sauti, "Bibi, tabasamu basi!" Mama akajibu, "Nishushe kwanza. Huko chini nitakuchekea mpaka uchoke." Shemeji akatafsiri kwamba bibi anawakaribisha sana. Nilikasirika, nikatupa kinyunga nilichokuwa nakikanda, nikaitisha kamati jioni ileile.

Sasa, wageni wetu mjue kwamba tulipopewa nyumba hizi tulikubali sharti moja: hakuna kitakachoongezwa nje, kidogo wala kikubwa, bila ridhaa ya Msanifu. Sharti hilo limetuokoa na mengi, maana bila hilo leo tungekuwa na mabango ya soda mpaka kwenye vyoo. Tukaenda ofisini kwake kwa adabu, tukaomba reli ya kushikia. Akatupokea vizuri, akatupa viti, akatusikiliza, akasema hapana. Akasema reli itakata mstari wa ukuta. Tukarudi tena, akasema hapana. Nikamwambia, "Mzee, mstari hauvunjiki nyonga." Akasema, "Mwanangu, mkianza na reli mtamaliza na mabati." Nikatoka pale nimefura, lakini sikutoka nimeshindwa.

Nikabadilisha mbinu. Nikamwalika chakula nyumbani. Pengine mnasubiri niwaambie kwamba mzee alipanda ngazi akahema, akajutia alichokijenga. Wapi! Ana umri wa mama yangu na alipanda kama mbuzi, akanisubiri juu huku mimi mwenye mikate kichwani natafuta pumzi. Hapo nikaelewa kwa nini hatukuwa tunaelewana. Mwili wake ulikuwa haujamwambia neno.

Tulikula vizuri. Mama hakumsihi. Alimwambia tu, "Ndugu yangu, kazi yangu ilikuwa kushona. Mteja akinenepa, nafungua mshono, naongeza. Sijawahi kumwambia mtu arudi alivyokuwa." Msanifu akajibu haraka, "Lakini mama, gauni la harusi halifunguliwi." Mama akasema, "Hilo ndilo linaloongoza kwa kufunguliwa, na mara nyingi kabla ya harusi yenyewe." Wakacheka wote wawili, na nikaona kabisa kwamba kucheka amecheka, ila kukubali hajakubali.

Baada ya chakula mama akaenda jikoni kutengeneza chai. Msanifu akakaa kwenye kiti cha mama, pale dirishani, akawa anatazama kazi yake. Mara watalii wakafika chini. Mmoja akainua kamera, akaishusha, akaita, "Mzee, samahani, unaweza kusogea? Tunamtaka bibi." Msanifu akatoa kichwa nje. Akasema, "Mimi ndiye niliyeichora nyumba hii." Nao wakamjibu kwa heshima zote, "Hongera, mzee. Lakini sogea kidogo."

Mzee, naona unacheka, na mimi nilicheka, jikoni, nimefunika mdomo kwa aproni. Lakini kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Ulimuuliza mama, "Wanakuja kila siku?" Akasema, "Kila siku isipokuwa ya mvua." Ukamuuliza, "Na wewe unakaa hapa siku zote?" Akasema, "Sasa nikae wapi?" Hakusema kwa uchungu. Alikuuliza kama anayetaka kweli kujua kama ulimwachia mahali pengine. Ukaiacha chai ipoe, ukaomba karatasi, nikakupa ile ya kufungia mikate, ukaanza kuchora.

Ndugu wageni waalikwa, reli aliyoichora ni kazi ya bingwa. Inapinda pale ngazi inapopinda, ina unene wa kutosha kiganja cha mzee, na kwenye kila kona ameweka kibao cha kukaa na kuvuta pumzi. Fundi wetu wa kuchomelea, tunayemwita Cheche, anasema hajawahi kuunga chuma kwa raha namna hiyo. Mzee, kwa hilo tunakushukuru kutoka moyoni, na naomba makofi ya nguvu kwa ajili yake.

Asanteni. Sasa nimefika kwenye lile ambalo kamati iliniomba nilipitie juu juu.

Reli ilichorwa nyeupe, ipotee kwenye ukuta mweupe, jicho la mgeni lisiione. Cheche aliifunga, akaipaka rangi nyeupe kama ilivyoagizwa, na mama akatoka mlangoni kuijaribu. Akanyoosha mkono, akashika hewa. Akanyoosha tena, akashika hewa. Kama Cheche asingekuwa karibu, leo tungekuwa na mkutano wa namna nyingine. Mama akauliza, "Mbona hamjaiweka?" Macho yake, ndugu zangu, kama macho ya wazee wengi wa mtaa wa juu, hayaoni cheupe juu ya cheupe. Kitu alichochorewa yeye kilikuwa kimefichika hata machoni pake.

Tukampigia simu Msanifu. Akasema, "Nyeupe, au iondolewe." Tukamweleza tena. Akasema tutaongea siku ya ufunguzi. Basi siku ya ufunguzi ndiyo hii, na tunaongea. Mzee, mbele ya mgeni rasmi, mbele ya majirani na mbele ya watu wa magazeti, nakuambia jambo ambalo hujaambiwa: chini ya vitambaa vile vilivyoifunika, reli yako si nyeupe tena. Kamati haikuipaka rangi, na Cheche hakuipaka. Niliipaka mimi, kwa mkono huu, na nikipewa nafasi nyingine nitaipaka tena. Ukitaka kushtaki, tanuri langu unalijua lilipo, na nitakupokea kwa mkate wa moto. Lakini haiondolewi. Haitaondolewa kesho, wala wageni wakilalamika, wala picha za kijiji zikiharibika zote. Je, kijiji ambacho mzee wake haoni njia ya kutokea ni kizuri kwa nani?

Cheche, vuta vitambaa.

Ndiyo. Njano. Njano ya kiini cha yai, kutoka mlangoni kwa mama mpaka hapa nilipo. Nasikia minong'ono, na hainisumbui. Mzee, naona umesimama. Sijui umesimama ili uondoke au ili uone vizuri zaidi, na sitakuuliza. Njia iko wazi pande zote mbili, na heshima yangu kwako iko palepale.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ratiba inasema ukate utepe kisha upande ngazi uwe wa kwanza. Naomba radhi. Utepe tumeufunga hapa chini, na tunakuomba uukate akishaufikia mtu anayetoka juu. Mkasi shika wewe, tena uwe na subira, maana hatashuka haraka. Amekataa kushikwa. Amenikataa hata mimi, asubuhi ya leo, kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia kwenye kipaza sauti.

Namwona ameshatoka. Mkono wake umeshika chuma, na safari hii umekipata mara ya kwanza.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunisikiliza mimi, na sasa nina ombi la mwisho kwa ajili yake. Mama yangu ni mtu wa adabu. Akisikia mnapiga makofi atainua mkono awapungie, na mkono ule leo una kazi. Kwa hiyo wekeni mikono yenu mapajani, tunyamaze, mpaka afike.