Kiti cha Zoraide Pimentel

Mbele ya duka la mkate la kona yetu, hapa mtaani Madureira, kuna benchi la watu watatu ambalo hukaliwa na wanne. Asubuhi hiyo zilibaki siku tisa sikukuu ya Kanivali ifike, na vyama vya ngoma viandamane barabarani, na Seu Anacleto, yaani Bwana Anacleto, fundi seremala wetu, alikuwa hagusi kahawa yake. Mwaka huu chama chetu cha samba kinaimba maisha ya Zoraide Pimentel, dobi wa mtaa huu aliyekuja kuwa mwimbaji, kisha nyota wa sinema, na sasa ni bibi wa miaka themanini na sita anayeishi jengo la pili kutoka hapa. Anacleto ndiye aliyeunda gari la kufunga maandamano, lenye kiti cha dhahabu juu kabisa, cha Zoraide kukalia.

— Hata dirishani haonekani, alisema Anacleto. Miezi saba napiga misumari, jamani! Nikipitisha kiti kitupu mbele ya umati, si bora mnizike?

— Tulia, mzee, alisema Trombone, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya pua yake ndefu kama tarumbeta. Haraka haraka haina baraka.

— Siku tisa, Trombone!

— Basi anaringa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Zoraide aringe? alidakia Profesa, bawabu mstaafu wa shule. Kwenye filamu yake ya mwisho, huko ng'ambo, alianguka kutoka juu ya farasi. Tangu hapo akipanda kitu kirefu anazimia.

— Farasi wapi! alisema Trombone. Yule alikuwa punda. Tena aliyerudi kutoka ng'ambo si yeye, ni mwenzake aliyekuwa akiruka na kuanguka badala yake kwenye picha. Zoraide mwenyewe yuko Meksiko, kaolewa na jenerali.

— Jenerali wa miaka mingapi, we Trombone?

Tulicheka, hata Anacleto kidogo. Mama mmoja mwenye sare nyeupe ya muuguzi akatoka dukani na mkate wake, akasimama.

— Samahani, kaka zangu. Mimi ndiye ninayemhudumia Dona Zoraide. Aliyekwenda kumwalika alikuwa nani?

Anacleto alimtazama Trombone. Trombone alimtazama Profesa. Profesa akanitazama mimi, katibu wa chama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

— Lakini wimbo si unasikika mtaa mzima? alijitetea Profesa.

— Anausikia. Jana kaniuliza kama mnajua kwamba bado yuko hai.

Anacleto aliinuka, akachomeka shati.

— Ghorofa ya ngapi, dada?

— Ya tatu. Ila kanyoe ndevu kwanza.