Sufu Halisi

— Wewe, sufu halisi unaijuaje?

Hiyo ndiyo salamu niliyopewa asubuhi ile, kabla hata sijapata pa kuweka mkoba. Benchi lenyewe liko nje ya duka la Fundi, limeegemea ukuta chini ya dirisha la cherehani, likitazamana na geti la mahakama ng'ambo ya barabara. Mguu mmoja ni mfupi na umekalishwa juu ya kipande cha tofali. Upande wa tofali ni wa Karani, aliyestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuapisha mashahidi pale mahakamani, na anayeamini kwamba mtu aliyesikia viapo vingi namna hiyo hastahili kuyumba. Katikati hukaa shangazi yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Marobota kwa sababu ya mitumba anayouza kibanda cha pili. Birika la kahawa ni lake, kwa hiyo na mazungumzo ni yake. Fundi hakai. Husimama mlangoni na pini midomoni, jambo linalomwepusha na maswali mengi. Mimi nilikuwa mgeni wa ncha ya benchi: wakili wa wiki sita, ambaye saa nane mchana siku hiyo alikuwa asimame mbele ya hakimu kwa mara ya kwanza maishani, ndani ya suti ambayo hakuwa ameiona tangu Jumatatu. Na hiyo ilikuwa Ijumaa, saa nne.

— Shikamoo, Mzee Karani.

— Marahaba. Jibu swali.

— Unaifinya ndani ya ngumi, unahesabu mpaka kumi, unaiachia. Ikibaki na makunyanzi kama uso wa mtu aliyekurupushwa usingizini, si sufu. Ikijinyoosha yenyewe, ni sufu.

— Nani kakufundisha?

— Shangazi.

— Kakufundisha nusu. Kufinya ni kipimo cha watoto.

— Cha watu wazima ni kipi?

Fundi akakohoa. Pini mbili zikadondoka.

— Kahawa? akauliza Shangazi, na kikombe kilikuwa tayari mkononi mwangu.

Niseme suti ilitoka wapi. Siku ya kwanza kazini mkubwa wangu alinitazama kuanzia kola hadi viatu, akasema kwa upole wote kwamba sweta ni vazi la mgonjwa. Mwenzangu wa meza ya pili alipewa ushauri huohuo, akaenda kununua suti tatu mpya kwa bei ya moja. Zinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa, na akitembea zinapiga kelele, kwa hiyo hatuna haja ya kumtafuta. Mimi mshahara wangu ulitosha suti moja ya kelele au kitu kingine. Nikaenda kwa Shangazi. Akapekua robota zima, akaniibulia suti ya kiume, buluu iliyokolea, ya mtu mnene ambaye, kwa kuangalia mishono, fundi wake hakuwa na haraka. Kwanza akaipima mabegani. Kiuno hupunguzwa, alisema, mkono hufupishwa, lakini bega likikukataa limekukataa. Bega likanikubali. Suruali ya yule bwana peke yake ilitosha sketi na chenji ikabaki. Nikamkabidhi Fundi Jumatatu, akaahidi Jumatano.

— Fundi, suti yangu iko tayari?

— Bado pasi.

— Juzi ulisema bado vifungo.

— Vifungo vimekwisha. Sasa tuko kwenye pasi.

— Dakika ngapi?

— Makaa hayajashika.

— Pasi yako ni ya umeme, Fundi.

Akaitafakari hiyo.

— Umeme nao haujashika.

Karani akajikuna mkono. Kulikuwa na kitu kimepungua pale alipokaa, na sikuweza kusema ni nini. Kama chumba ambacho kabati limeondolewa.

— Wakili, akasema, nikuambie kitu ambacho chuoni hawakukufundisha. Hakimu hatazami suti nzima. Hana muda. Anatazama mkono wa kulia, kwa sababu ndio unaoinuka ukisema "Mheshimiwa, napinga." Miaka thelathini na mmoja. Mkono wa kushoto umeshika faili. Hakuna hakimu aliyewahi kuutazama mkono wa kushoto.

— Hata mmoja?

— Mmoja aliutazama. Akahamishwa.

— Mimi ninaongeza, akasema Shangazi. Koti jipya tupu ni hatari. Wakili wa upande wa pili akiona kila kitu kipya, anajua huyu kaanza jana, atamtafuna. Lazima pawe na mahali pamezeeka kidogo. Wenye akili huacha pachakae pale kwenye kiwiko. Kiwiko kinachong'aa kinasema: huyu amekaa mezani, amesoma.

— Shangazi, wiki iliyopita ulinambia kitambaa kinachong'aa nikikimbie.

— Kinachong'aa kote. Kiwiko ni mambo mengine.

— Viwiko vyote viwili?

Wakatazamana.

— Kimoja kinatosha, akasema Karani. Viwili ni majivuno.

Nikanywa kahawa. Ilikuwa na sukari maradufu, na Shangazi hajawahi kunionea huruma ya sukari tangu nizaliwe.

— Kuna nchi, akasema Fundi kutoka mlangoni, na sote tukageuka maana Fundi huongea kama anayelipia maneno, kuna nchi watu wakubwa wanaagiza mikono isiyolingana. Makusudi. Mmoja rangi hii, mwingine rangi hii lakini imetulia zaidi.

— Imetulia?

— Imeiva.

— Nchi gani, Fundi?

— Za mbali.

— Na nasikia, akadakia Karani, akiwa ameshapata kasi, nasikia hata kisheria kuna hoja. Mikono ikilingana sana, wakili anaonekana kama amevaa sare. Sare ni ya askari. Wakili mwenye sare anaegemea serikali. Kesi inaweza kutupwa.

— Kwa kifungu kipi?

— Kifungu kipo.

— Nimesoma miaka minne, Mzee. Nitajie.

— Ninyi mnasoma vilivyoandikwa tu, akasema Shangazi, akanijazia kikombe ambacho kilikuwa hakijapungua.

Sina subira na watu wanaojifanya wanajua. Chuoni tulikuwa nao, wengine walikuwa wanatufundisha. Lakini kilichonishughulisha pale hakikuwa ujinga wao. Ujinga wao naufahamu na ninaupenda, umenilea. Kilichonishughulisha ni kwamba watu watatu ambao hawajawahi kukubaliana hata kuhusu siku ya juma, leo walikuwa na neno moja. Na neno lenyewe lilikuwa mkono wa kushoto.

Nilikuwa nafungua mdomo ndipo akaja mteja wangu.

Mama Dobi anaishi uani, nyuma ya duka la Fundi, katika chumba kimoja chenye bomba nje ya mlango. Humo analala, humo anafulia na kupigia pasi nguo za nusu ya mtaa. Mwenye nyumba anakitaka akifanye stoo, na amesema mahakamani kwamba mama huyo ni mgeni aliyejipenyeza juzijuzi. Kwa hiyo saa nane mimi ndiye niliyekuwa nisimame kati ya kile chumba na magunia ya saruji. Alikuwa amevaa gauni lililonyooshwa hata mikunjo yake ikaonekana imechorwa kwa rula, na karatasi zake zote zilikuwa ndani ya bahasha aliyoikumbatia kwa mikono miwili.

— Hamjambo hapa.

— Hatujambo, mama. Karibu kahawa.

— Kahawa itanipandisha moyo, acha. Akanitazama mimi, sweta langu, kisha mimi tena. Wakili, utavaa hilo?

— Suti inapigwa pasi, mama.

— Na nani? Suti zote za Fundi mimi ndiye ninayezipiga pasi, na hajaniletea kitu.

Fundi akaanza kuhesabu pini.

Mama Dobi akageuka kwa Karani, na hapo akauliza lile swali. Aliuliza bila ubaya, kama mtu anavyouliza hali ya mgonjwa.

— Karani, koti lako leo liko wapi?

Ndipo nikajua kabati lililoondolewa ni lipi. Tangu nikiwa mtoto wa kutumwa sabuni, sijawahi kumwona Karani bila koti lake la buluu. Jua, mvua, msiba, foleni ya maji. Alipewa alipoapishwa mwenyewe, na hulipeleka kwa Mama Dobi kila Ijumaa lipigwe brashi. Na leo, Ijumaa, alikuwa amekaa na shati la mikono mifupi, na mikono yake ilikuwa myeupe na myembamba kuliko nilivyotarajia, kama kitu ambacho hakikupangwa kuonekana.

Shangazi akainua birika kumimina. Likatoa tone moja, kisha hewa.

— Fundi, nikasema. Leta suti.

— Pasi...

— Leta ilivyo.

Akaingia. Akatoka nayo juu ya hanga, ameishika mbali na mwili wake kama mtu anayebeba mtoto wa mwenzake. Nikavua sweta, nikavaa koti palepale barabarani. Nitasema haki: lilikaa. Bega lilikaa, kiuno kilikaa, kola ililala shingoni kama imezaliwa pale. Nikainua mkono wa kulia, koti halikupanda. Kwa sekunde chache niliona kabisa nikisimama, nikisema "Mheshimiwa, napinga," na hakimu akinitazama bila kufikiria wagonjwa.

Kisha Mama Dobi akaushika mkono wa kushoto.

Aliushika kama wanavyoshika madobi, kwa vidole viwili, akausugua pembeni ya mshono. Akaugeuzia mwangani. Ulikuwa buluu, lakini si buluu ileile. Ulikuwa umepauka kidogo, na kwenye kiwiko ulikuwa laini na unang'aa, mahali pamoja pa mviringo, kama jiwe lililokaliwa.

— Huu mkono naufahamu, akasema. Huu mkono nimeupiga brashi miaka kumi na saba. Hapa kwenye kiwiko ndipo anapoegemea meza akiandika. Nimemwambia ageuze, hasikii.

Wakati huo sikufikiria suti. Nilifikiria kwamba mwanamke anayedaiwa kuhamia juzijuzi amepiga brashi koti la karani wa mahakama, katika chumba kilekile, miaka kumi na saba. Na kwamba karani mwenyewe amekaa mbele yangu na anaweza kuvuka barabara. Nikalitia hilo akilini. Kisha nikafikiria suti.

— Shangazi?

Shangazi alikuwa anachungulia ndani ya birika.

— Fundi?

Fundi alikuwa amerudisha pini zote mdomoni, na nyingine alizokuwa hazihitaji.

Nikasimama mbele ya Karani. Sikujua nifanye nini na mikono, nikaiweka nyuma, ule wangu na ule wake.

— Mzee Karani. Umewaapisha watu wangapi?

— Sikuhesabu.

— Ulikuwa unawaambia nini?

Akatazama geti la mahakama. Akainuka kutoka upande wa tofali, benchi likayumba, Shangazi akashika birika. Alisimama wima kabisa, mabega nyuma, na bila koti alionekana mfupi kuliko wakili wake wa wiki sita.

— Tuliichoma, akasema.

— Mlichoma nini?

— Mkono wa kushoto. Jana, saa tisa. Fundi alikuwa amemaliza, alikuwa hata ameitundika. Bi Marobota akasema ni sufu tupu. Mimi nikasema imechanganywa. Kufinya hakukumaliza ubishi. Kipimo cha watu wazima ni kuchoma uzi: nailoni huyeyuka, sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Fundi akavuta uzi kutoka ndani ya mkono, mimi nikawasha kiberiti.

— Mkaukata kwanza ule uzi.

Karani akamtazama Fundi.

— Hamkuukata.

— Ulikuwa mfupi, akasema Fundi kupitia pini. Ungetuponyoka.

— Mara ya kwanza nilikuwa na mafua, akaendelea Karani, sikusikia harufu. Tukarudia. Sufu yenyewe haikushika, ilizima kama inavyotakiwa. Iliyoshika ni bitana ya ndani.

— Bitana hatukuwa tumeijadili, akasema Shangazi.

— Ikayeyuka ndani kwa ndani kuanzia kiwikoni hadi mwisho. Koti langu lilikuwa na rangi iliyokaribia. Nikamwambia Fundi akate. Mimi nimestaafu, mkono wa kushoto sina kazi nao sana. Fundi kakesha nao. Basi. Ndivyo ilivyokuwa, na sikuongeza neno.

Mama Dobi akauachia ule mkono polepole, akanyoosha bega langu kwa kiganja.

— Na je, Mzee Karani, nikasema, kipimo kilitoa jibu?

Akafunga kifungo cha juu cha shati lake, kama mtu anayejiandaa kuitwa.

— Sufu halisi, Mheshimiwa.