Kwa Nini Mgongo Umekataa

Kijiwe chetu kiko nyuma ya ghala la zamani la chama cha ushirika, Mbinga mjini, mahali ambapo ukuta wa matofali huzuia upepo wa Julai. Pana benchi refu lililotolewa kanisani baada ya kuvunjika mguu, na jiko la mkaa la Mzee Raimundi, anayeuza kahawa katika wilaya inayolima kahawa bila kuinywa. Wanaokaa hapo kila jioni ni watatu, nami wa nne. Vitalis huitwa Sindano, kwa sababu alifagia wodi za hospitali miaka kumi na miwili na akatoka akizungumza kama daktari. Bernadi ni Soko Huria. Alikuwa karani wa ushirika, na tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe yeye ni wakala wa mmoja wao, na hutetea kila kitu kilichoingia nchini tangu hapo. Tobias, fundi cherehani, ni Zamani, na hahitaji maelezo. Mimi nafundisha kemia sekondari. Mwaka ninaousimulia ni 1996, na mke wangu Otilia alikuwa amefariki miezi kumi na mmoja iliyopita. Kijiweni hawakumtaja. Maneno yakikaribia jina lake, mtu aliomba kahawa. Jioni hiyo walikuwa wanajadili ngozi ya binti yetu Aurelia, mwenye miaka minane.

— Mwalimu, ripoti, alisema Bernadi. Soko linasemaje?

Nikawapa ripoti. Hospitali walikuwa wameandika "pumu ya ngozi" na kusema ngozi kavu kama ile haitaki dawa kali, inataka mafuta kila siku. Mafuta gani, hawakusema. Tangu Februari nilikuwa nimejaribu vitu sita, vyote vya bei ambayo mwalimu anaweza. Sabuni ya mche ilimkausha mpaka miguu ikatoa magamba. Losheni yenye manukato ilimchoma, akalia. Glisirini tupu ilikusanya vumbi lote la barabara ya Songea. Mafuta ya nazi yalisaidia siku tatu. Dawa ya zambarau, ambayo ilikuwa wazo la Vitalis, ilimpeleka kanisani siku ya Pasaka akiwa na rangi ya Kwaresima. Kilichokubali ni mafuta ya mgando yasiyo na harufu, yale ya kupimwa kwa kijiko sokoni, akijipaka mara tu anapomaliza kuoga, kabla ngozi haijakauka.

— Mikono imepona, nikasema. Nyuma ya magoti pamepona. Shingo kwa mbele, afadhali. Mgongo bado umekataa.

— Umekataa wapi hasa? aliuliza Bernadi.

— Kuanzia katikati ya mabega kushuka chini. Dada yangu alipokuja kutoka Mpepai alimfunua nikaona. Pamepasuka. Asubuhi gauni la kulalia linamganda, analilowanisha kwa maji ndipo linabanduka.

— Na Komunyo ya Kwanza ni lini?

— Sikukuu ya Kupalizwa. Wiki tatu. Wenzake katika mafundisho hawataki kukaa naye, wanasema ataambukiza. Juzi ameniambia hatakwenda tena.

Vitalis akaweka kikombe chini, kama afanyavyo mtu anayevaa glovu.

— Jibu liko wazi. Jina lenyewe linasema pumu. Pumu inakaa wapi? Mapafuni. Mapafu yako wapi? Mgongoni. Ugonjwa umefukuzwa mikononi, umerudi kwao.

— Sindano, wewe ulikuwa unafagia, alisema Tobias.

— Nilifagia chumba cha eksirei, bwana. Mapafu nimeyaona kwa macho haya.

— Yale mapicha uliyokuwa unayatupa jalalani?

— Nilikuwa nayatazama kwanza.

— Mnakwenda mbali bure, alisema Tobias. Muulizeni mwalimu mtoto anavaa nini. Mitumba! Blauzi imevaliwa na mtoto wa huko Ulaya miaka mitatu, jasho lake limo, homa zake zimo, halafu tunamvika mtoto wetu na kushangaa anajikuna. Zamani tulivaa vitambaa vya viwanda vyetu. Nani aliwashwa?

— Zamani hamkuwa hata na sabuni! Bernadi akadakia. Mwaka themanini na tatu mama yangu alifua kwa majani ya mpapai. Mlikuwa mnajikuna nchi nzima, ndiyo maana ikaonekana kawaida.

— Hatukujikuna.

— Mlijikuna, Zamani. Nilikuwepo. Kwenye foleni ya duka la ushirika watu walikuwa wanakunana.

— Blauzi ina mikono pia, nikasema, na mikono imepona.

Tobias alifikiri.

— Mikono mifupi au mirefu?

— Mirefu. Ni Julai.

— Basi ni bitana, alisema, akanyoosha kikombe kiongezwe.

Mzee Raimundi akamwongeza bila kusema kitu. Si mtu wa maneno. Bernadi alisogea mbele hadi benchi likalia.

— Mimi nawaambia tatizo ni ukiritimba. Mikono inatoka nje, inashika hiki, inashika kile, inajua kilichopo. Mgongo umefungiwa gizani kama mkulima asiyejua bei. Umepewa mafuta ya aina moja, unayapokea tu. Mwalimu, weka mafuta mawili. Upande wa kulia haya, upande wa kushoto yale. Yashindane.

— Huyo ni mtoto, si mnada, alisema Mzee Raimundi.

Kwa kuwa ni yeye aliyesema, Bernadi alirudi nyuma. Vitalis akaichukua nafasi.

— Tuache siasa. Kuna tiba. Mafuta ya nguruwe. Lakini si nguruwe yeyote, sikilizeni vizuri. Mweusi, jike, ambaye hajazaa, aliyelishwa maganda ya kahawa.

— Nguruwe hali maganda ya kahawa, alisema Tobias.

— Ndiyo maana dawa haipatikani ovyo.

— Sasa atamlishaje?

— Mimi nimetaja dawa. Mambo ya kulisha ni ya bwana mifugo.

— Acha fiksi zako, we Sindano. Mnataka kitu cha kweli? Tobias akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine wa kumsikia. Mmewahi kusalimiana na mama aliyetoka kuosha kahawa? Kahawa ikishamenywa ikalazwa kwenye pipa, ule utelezi wake. Mama anakaa pale kutwa, akitoka, mkono laini kama wa mtoto mchanga. Mmeuona au hamjauona?

— Tumeuona, alikubali Bernadi.

— Basi mwogesheni mtoto kwa maji yale. Ni ya bure, yanamwagwa mtoni kila siku.

— Nilijaribu, nikasema.

Wakageuka wote, hata Mzee Raimundi.

— Mkononi mwangu mwenyewe, kwanza. Yale maji yakilala yanakuwa tindikali. Siku ya pili paliwasha, siku ya tatu pakachubuka. Mtoto sikumgusisha.

— Ulikosea pipa, alisema Tobias.

Wakati huo alikuwa amefika mgeni, mtu wa makamo mwenye magunia matupu yaliyokunjwa begani na harufu ya samaki wakavu. Alimsalimu Mzee Raimundi shikamoo, akatusalimu na sisi, akasema anaitwa Kilian, wa Mbaha ziwani, amepandisha dagaa wa usipa sokoni na sasa anasubiri lori la kumrudisha ziwani. Akapewa kahawa na mwisho wa benchi. Bernadi hakumsubiri akae.

— Hata mgeni asikie hili, maana ni la kitaifa. Mimi napakia kahawa, naijua. Wilaya hii peke yake inajaza malori na malori. Bado hujaenda Kilimanjaro. Bado Kagera. Sasa jiulizeni, Wazungu wako wangapi? Kila mmoja anywe vikombe vingapi ndipo iishe? Haiwezekani! Nyingi hawainywi.

— Wanaifanyia nini? aliuliza Tobias.

— Wanajipaka.

Vitalis alipaliwa na kahawa yake.

— Wanaikamua mafuta, Bernadi aliendelea, wanajipaka, inayobaki wanaiweka kwenye vikopo vya rangi na kuturudishia na manukato. Umeshamwona mmisheni anajikuna?

— Padre hajikuni mbele za watu, alisema Vitalis. Anafundishwa seminari.

— Hawawashwi! Na sisi tuliokaa juu ya mafuta yenyewe, watoto wetu wanapasuka. Mwalimu, wewe una digrii. Kamua kahawa.

— Na mgongo je? nikauliza. Ukisema ni mafuta, mikono imepona kwa mafuta yale yale.

Lilikuwa swali langu la siku zote na lilikuwa limewashinda wiki nzima. Nyumbani nilikuwa nimeligeuza kwa utaratibu niliofundishwa: mtoto mmoja, maji yale yale, sabuni ile ile, mafuta ya kopo moja, saa ile ile. Kila kitu sawa, isipokuwa matokeo. Nilikuwa nimefikiria jasho, godoro, mkoba wa shule. Nilibadilisha godoro. Nilimbebea mkoba mwenyewe siku tisa.

— Tumwulize huyu wa ziwani, alisema Vitalis. Ndugu Kilian, kwenu huko mnapaka mafuta ya kambare, si ndiyo? Mtoto ana pumu ya ngozi. Mafuta anayo, na mwili mzima umekubali, lakini mgongo umekataa. Wewe unasemaje?

Kilian alikuwa anapuliza kahawa yake.

— Mimi dawa sizijui, alisema. Mgongoni anampaka nani?



Bernadi aliangalia viatu vyake. Tobias aliomba kahawa, na Mzee Raimundi, aliyekuwa na birika mkononi, hakummiminia.

— Ana shangazi, alisema Vitalis hatimaye. Yuko Mpepai.

— Anakaa naye?

— Hapana. Huja mara moja moja.

— Basi siku nyingine anampaka nani?

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa mgeni, na kwa mgeni hilo lilikuwa swali kama la njia ya kwenda stendi. Maji ya kuoga ya Aurelia huwa nachemsha mimi. Nayatia katika ndoo, naweka sabuni na kopo la mafuta juu ya jiwe la bafuni, kisha natoka. Kwetu baba haogeshi binti. Ni kazi ya mama, na mama asipokuwepo ni ya shangazi. Nasimama uani mpaka aseme, "Tayari, baba." Nilikuwa nikiona hiyo ni heshima, na nilijivunia kwamba sijawahi kukosa hata siku moja.

— Anajipaka mwenyewe, nikasema.

Tobias, ambaye kazi yake ni kupima watu migongo, alipitisha mkono juu ya bega lake taratibu, akatafuta katikati kwa vidole. Hakufika. Akajaribu kwa chini. Vitalis naye alikuwa ameanza. Bernadi alisita, kisha na yeye akakunja kiwiko. Kwa muda mfupi wazee watatu walikaa kwenye benchi wakijipapasa migongo, mkono wa kila mmoja ukiishia mahali pale pale, na hakuna aliyecheka.

Honi ya lori ililia upande wa sokoni. Kilian alisimama, akamaliza kahawa kwa funda moja, akatutazama.

— Nimesema vibaya?

— Hapana, nikamwambia. Safari njema.

— Haya. Mtoto apone.

Akaondoka na magunia yake. Tobias alianza kusema kwamba zamani kila nyumba ilikuwa na bibi, Bernadi akamwambia, "Nyamaza, Zamani." Niliaga. Hawakunizuia wala hawakuniuliza naenda wapi, ingawa jua lilikuwa bado liko juu ya ghala na si kawaida yangu kuondoka saa hiyo.

Nilimkuta Aurelia barazani, ametoka kuoga bila kunisubiri, amejifunga kanga, mikono na miguu iking'aa mafuta. Mgongo, juu ya kanga, ulikuwa mweupe kwa ukavu, na mistari ya damu mahali alipojikuna kwa kijiti. Mpaka wa mafuta ulionekana wazi: begani palikuwa na alama za vidole vinne, vidogo, na baada ya vidole hapakuwa na kitu.

Nikanawa mikono hadi viwiko. Nikarudi na maji ya vuguvugu, kitambaa safi na kopo.

— Geuka, nikamwambia.

— Nimeshapaka, baba.

— Najua. Geuka.

Akageukia ukutani, akakaa kwenye kigoda. Nikalowanisha kwa kitambaa, bila kusugua. Nilipoweka mafuta alishtuka, nikaondoa mkono. Akabaki ameinamisha kichwa, hakusema kwamba niendelee wala niache. Nikaweka tena, polepole, kutoka begani kuja katikati, sehemu ambayo nilikuwa nimeitaja kijiweni wiki nzima.

— Panauma?

Alifikiri kwanza.

— Juu kidogo, alisema. Hapo.