Marehemu Chati ya Nchi Sita, aliyetundikwa Matrah

Tuliokusanyika hapa leo sote tulimjua marehemu. Alizaliwa Alkhamisi, tarehe 7 Oktoba 1993, kwenye kioo cha mbele cha duka la kaseti la Bwana Mahfoudh, uchochoro wa nyuma ya soko la Matrah, Oman. Baba yake, Bwana Mahfoudh, alikuwa amesikia redioni kwamba nchi za Ulaya zina orodha moja ya nyimbo zinazouzwa sana, nchi zote pamoja, kila wiki. Akamwambia mkewe, Bi Mwanamize, "Wale hawaelewani hata lugha, wana chati moja. Sisi tunaoamkiana shikamoo kutoka Bujumbura mpaka Doha tunashindwa nini?"

Nchi zilikuwa Oman, Imarati, Qatar, Kenya, Tanzania na Burundi. Bi Mwanamize alitaka Unguja ihesabiwe peke yake, na kwa muda mrefu ikahesabiwa, ila jina halikubadilishwa kwa kuwa rangi ilikuwa imeshakauka.

Siku ile ile ya kuzaliwa, marehemu alipata ugonjwa uliomsumbua maisha yake yote. Bwana Mahfoudh alimwona shangazi yake, Bi Sayyida, mwenye jengo, akija na mwavuli. Kwa heshima akazima muziki wa vijana, akaweka taarabu ya Bi Khole, maana wazee, alivyodhani, hupenda hiyo. Bi Sayyida akasimama mbele ya kioo. Alikuwa na mazoea ya kusoma kila kitu kutoka chini kwenda juu.

"Mahfoudh, huyu Bi Khole anayeimba ndani ndiye namba saba hapa?"

"Ndiye, shangazi."

"Na hawa sita waliomkalia juu?"

"Watoto wa siku hizi."

"Haya," akasema Bi Sayyida, akaenda zake.

Hiyo "haya" ilitosha. Kabla ya Alasiri Bi Khole alikuwa namba moja, na hapo akakaa.

Elimu yake marehemu aliipata kwa simu na faksi. Jamaa wa kila nchi walipiga kueleza kaseti gani zimetoka, na kila jamaa alikuwa na adabu zake. Mombasa walikataa kumshusha mwimbaji aliyefiwa na mama yake mpaka arobaini ipite. Doha hawakumgusa kijana mmoja kwa sababu dada yake alikuwa anaolewa kwao mwezi ule. Bujumbura hawakutaja kaseti. Walisema tu kwamba wote wameimba vizuri, Mungu awabariki. Kufikia 1998 chati ilikuwa kama mkeka wa harusi: wazee mbele, wakwe pembeni, vijana karibu na viatu.

Hata hivyo alifanya kazi kwa bidii. Kila Alkhamisi mafundi wa magari walitoka Ghala, mtaa wa gereji, mikono bado na grisi, kuja kubishana nani atakuwa namba mbili. Namba moja hakuna aliyeibishania.

Mwaka 2001 marehemu alifunga ndoa na chati ya duka la Bwana Harub, binamu wa Bwana Mahfoudh, aliyekuwa Dubai. Bibi harusi alikuwa na tabia ngumu: alihesabu kweli. Ndoa haikufikisha mwaka. Siku ya talaka Bwana Harub alipiga simu.

"Ndugu yangu, Bi Khole wako mimi nimeuza moja, na aliyeinunua kairudisha. Utatundika lini ya kweli?"

"Shangazi yupo, Harub."

"Kwa hiyo unamngoja afe?"

"Astaghfirullah. Nnangoja tu. Siku moja nnataka nimwone namba moja wa kweli pale kiooni. Siku moja inanitosha."

Tangu 2004 afya ya marehemu ilianza kuzorota. Kwanza zilikuja sidii zilizonakiliwa majumbani, kisha nyimbo zikawa zinaruka kutoka simu hadi simu. Wimbo uliotoka Dar asubuhi, wanafunzi wa mtaa wa Hail, hapa kwetu, walishauchoka jioni. Watu waliingia dukani kuuliza chaja.

Alifariki Alkhamisi, tarehe 18 Desemba 2008, siku duka lilipofungwa. Asubuhi ile Bwana Mahfoudh aliandika orodha ya mwisho, safari hii kwa hesabu tupu. Bi Mwanamize alipoiona akakaa chini.

"Shangazi akikasirika je?"

"Nitamwangukia miguuni. Lakini staki kumzika huyu na uongo."

Namba moja alikuwa kijana wa Tanga anayelalamika kwamba mchumba wake hapokei simu. Bi Khole hakuwemo kabisa.

Bi Sayyida alifika na mkongojo, akasoma kutoka chini, taratibu, mpaka juu. Mafundi wa Ghala wakampisha.

"Bi Khole kafa?"

"Hajafa, shangazi. Hauzi."

"Tangu lini?"

Bwana Mahfoudh akatazama makubadhi yake. "Tangu tisini na tatu."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Sayyida. "Sauti yake kama bawaba ya mlango wa stoo. Kila nkija hapa nnamkuta anaimba, nkasema ndiye kipenzi chako, mtoto wa ndugu yangu, nisikuvunje moyo."

"Shangazi, nlikuwa nkimweka kwa ajili yako."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

Kisha Bi Sayyida akaomba amsikie huyo namba moja. Fundi mmoja akamwekea simu sikioni. Akasikiliza mpaka mwisho, akarudisha simu, akasema, "Huyo mchumba kafanya vyema kutopokea. Lakini mwacheni hapo hapo. Ndiyo nafasi yake."

Bwana Mahfoudh alifuta macho kwa ncha ya kilemba. Chati iliteremshwa baada ya sala ya Adhuhuri.

Marehemu ameacha baba, Bwana Mahfoudh. Mama, Bi Mwanamize. Bibi, Bi Sayyida. Mtalaka mmoja Dubai, ambaye hataki kusemwa vibaya. Mafundi wa Ghala wasiojua Alkhamisi waende wapi. Na sanduku zima la kaseti za Bi Khole, ambazo mwenye kuzitaka amwone Bwana Mahfoudh, hazina bei.

Alikaa na uongo wa heshima umri wake wote, akaondoka na asubuhi moja ya kweli. Apumzike kwa amani, na asiguswe nafasi yake.