Nyumba ya Watu

Ndani ya basi, fundi cherehani alijifanya anasinzia, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele. Hapo daktari mmoja, mama wa makamo, alikuwa amemaliza kufoka kwenye simu: mtoto wa miezi mitatu amevunjika mkono, na daktari mwenzake kamruhusu aende nyumbani bila rufaa ya kuchunguzwa kama anapigwa. Eti kaanguka kitandani!

Mzee aliyekaa na daktari akashindwa kunyamaza. "Mwanangu, watoto huanguka."

"Huyu hajajua hata kujigeuza, baba. Kaangukaje? Kapaa?"

"Lakini mkianza kuchunguzachunguza, mtavunja nyumba ya watu."

Usingizi wa fundi ukaisha wenyewe.

Basi likasimama. Daktari akainuka. "Kilichovunjika ni mkono, baba. Nyumba ni nzima, na mtoto karudishwa humo humo."