Mzee Ansgar na Viwanja Visivyojengwa vya Kambarage

Tarehe 30 Juni 1986 Mzee Ansgar Pantaleo atakabidhi mnyororo wake wa kupimia, baada ya miaka ishirini na minne na miezi saba ya utumishi katika ofisi yetu ya upimaji hapa Shinyanga. Hiyo miezi saba ameidai mwenyewe iandikwe. Hapendi vipimo vya kukadiria.

Alizaliwa Ushirombo, akaajiriwa Novemba 1961 kama mshika mnyororo, na mwaka 1967 akatoka kozini akiwa mpima ardhi msaidizi. Mtaa wetu wa Kambarage ameujua ulipokuwa bado mashamba ya pamba na mtama. Kabla ya kufungua vifaa vyake huchota udongo, akamuuliza mwenye shamba unaitwaje. Wakimwambia luseni, yaani mchanga wa mwinukoni, anatabasamu, maana hapo nyumba itasimama. Wakimwambia mbuga, ule udongo mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, anafunga daftari na kuanza maswali. Kisukuma chake kina lafudhi ya Kisumbwa na kinachekwa kila kijiji, naye hucheka pamoja nao.

Mwaka 1969 alipelekwa Rwamgasa, Geita, kupima eneo la makazi. Alifukia bikoni saba, alama za mipaka, kila moja chuma ndani ya zege. Wachimbaji wa dhahabu walimtazama mtu wa serikali akifukia vitu kwa uangalifu namna ile, wakahitimisha kwamba anaweka alama penye mali. Siku ya tatu kila bikoni ilikuwa na shimo la kimo cha mtu pembeni yake. Mzee hakugomba. Aliwasalimia, akawaeleza, nao wakafukia wenyewe. Mmoja alimwomba safari ijayo achague mahali penye udongo laini.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelikwepa kwa miaka kumi na moja.

Oktoba 1974, wakati wa ukame, ofisi ilipanga viwanja thelathini na sita katika bonde la chini ya Kambarage. Ramani niliichora mimi, mezani, bila kukanyaga bonde lenyewe hata siku moja. Kiwanja namba 19 kilikuwa cha Mzee Ansgar. Wakati huo yeye, mkewe Mama Scolastika na watoto watano walikuwa wakipanga vyumba viwili, na matofali alikuwa amekwisha kuanza kufyatua.

Alipokwenda kuweka bikoni alimkuta Mama Mageni, mkulima wa mpunga, akisafisha majaruba yaliyokauka. Mama yule alimwambia, "Baba, mnapima na viatu vikavu. Rudini mwezi wa tatu." Kisha akamwonyesha mawe yaliyobeba kihenge chake cha zamani, akamweleza kwamba maji yaliwahi kukibeba pamoja na mtama wote. Mzee alipigilia msumari kwenye nguzo iliyokuwa karibu, usawa wa mawe yale, akarudi ofisini na kusema hapimi.

Mkuu wetu wa wakati huo alimpa masika moja. Maji yasipofika kwenye msumari kufikia Aprili, bikoni zingewekwa na barua ya onyo ingeingia kwenye faili lake. Nami wakati wa chai nilisema mbele ya wote kwamba Mzee anaogopa mafuriko katika mji ambao watu wanapanga foleni kwa ndoo moja ya maji. Walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Januari ilipita kavu, Februari vilevile. Mvua ilinyesha mchana mmoja wa Machi, na jioni tulikwenda wote kutazama. Bonde zima lilikuwa maji, na mimi nimesimama ndani yake hadi magotini, ramani yangu mkononi. Nilingoja Mzee anicheke. Hakunitazama hata kidogo. Maji yalikuwa yameupita msumari wake kwa shubiri mbili, na hilo ndilo lililomkera. Aliung'oa, akaupigilia upya juu zaidi, akaandika kwenye daftari kwamba amekosea.

Viwanja vile vilifutwa vyote, pamoja na namba 19. Yeye hakupewa kingine, wala hakuomba. Leo bondeni masika kuna mpunga, kiangazi kuna ng'ombe, na hakuna nyumba hata moja iliyobomoka kwa maji, kwa kuwa hakuna iliyojengwa. Wanaoishi mwinukoni hawajui kwamba familia moja ilikaa vyumba viwili miaka kumi na moja kwa ajili hiyo. Mimi nilijua na nilinyamaza. Mzee Ansgar, mbele ya wote, kama nilivyokucheka mbele ya wote, nisamehe.

Mwaka huu kamati ya kugawa viwanja imempatia kiwanja juu ya bonde hilo, kwenye luseni safi. Ramani yake nimeichora mimi, lakini safari hii nilianza kwa kwenda kukanyaga kona zote nne, mwezi wa tatu, mara tu baada ya mvua kubwa.

Asante kwa kila hatua uliyopima, Mzee wetu. Wewe na Mama Scolastika mkae salama na kwa amani katika nyumba yenu. Kutoka kwenye kona zile nne, viatu vyangu vilirudi vikavu.